Onyo Lililoishi Dakika Nne

Ndama tisa wa mzee Luhaga walikufa Jumatano, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Nilipopigiwa simu kuambiwa, jambo la kwanza nililofanya ni kukasirika. Sikusikitika, nisije nikajipamba hapa. Nilimkasirikia Restuta, afisa mifugo aliyewachoma sindano, kwa sababu nilikuwa na hakika amekosea kupima, na kwamba kabla ya jioni lawama zingekuwa zimepanda kutoka bondeni Momba hadi Tunduma kuitafuta programu yangu.

Programu ni yangu, mimi Tulinagwe wa Isongole. Afisa mifugo anamzungushia ng'ombe utepe kifuani, anasoma uzito, anauingiza kwenye simu, na simu inamwambia achome mililita ngapi za dawa ya nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Ushirika wa wafugaji uliowaajiri maafisa hao ulikuwa umewapiga marufuku kukisia. Walipewa sheria moja tu, kwamba wafuate simu.

Na asubuhi ileile, saa nne na kitu, Restuta alikuwa amenipigia. "Dada Tulinagwe, samahani kwa usumbufu. Leo ndiyo tumeanza ndama. Nina mmoja hapa wa kilo hamsini na nane, simu inaniambia kumi na mbili na nusu, sasa naona kama..."

Sikumwacha amalize. Ofisi yetu iko ghorofani pale Mpemba, Tunduma, juu ya duka la vipuri, na malori ya kwenda Zambia yanapiga honi chini ya dirisha kutwa nzima mpaka unajikuta unapaza sauti hata msibani. Nilikuwa na kazi mkononi. Isitoshe, tangu zamani nina ugonjwa wa kutomvumilia mtu anayetilia shaka kazi iliyokwisha kupimwa. Nilimwambia, "Tuna majaribio mia tatu na kumi na mawili, na yote yamepita. Fuata simu." Nikakata. Zile namba alizitaja wazi kabisa, zikaingia sikio hili na kutokea lile.

Alichoma wote tisa kabla wa kwanza hajaanguka.

Mkurugenzi wetu, Wilbard, hakukasirika. Huwa hakasiriki, na hilo peke yake linanitia hasira. Alikuja mezani kwangu Alhamisi asubuhi, amevaa lile shati lake la kupokelea wageni, akavuta kiti.

"Kamati ya ushirika inakaa kesho," akasema. "Wamemsimamisha kazi yule dada, sasa wanataka kumfukuza, na mzee Luhaga anasema lazima aende polisi. Wametuomba ripoti ya kitaalamu. Andika kurasa mbili. Programu ni nzima, utepe ulisomwa vibaya. Utasaini wewe."

"Nitaandika," nikamjibu, tena kwa moyo mmoja. Niliamini kila neno.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa wa kwanza picha mbili zilipoingia kwenye simu yangu. Ya kwanza ilionyesha utepe umemzunguka ndama mwekundu kifuani, na alama imeangukia hamsini na nane. Ya pili ilikuwa kioo cha simu ya Restuta, uzito hamsini na nane, kipimo kumi na mbili na nusu. Chini aliandika, "Dada, nilipiga kabla sijachoma. Naomba uangalie." Hakuweka tusi wala lawama, na kusema kweli ningefurahi angenitukana.

Mililita moja ya dawa ile ni ya kilo ishirini. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaifanya kwa vidole: ndama yule alitakiwa kupata pungufu ya mililita tatu. Nilifungua programu, nikaingiza hamsini na nane. Kumi na mbili na nusu. Nikaingiza fahali wa kilo mia nne. Kumi na mbili na nusu. Nikaingiza kilo mbili, uzito wa kuku. Kumi na mbili na nusu, bila aibu yoyote.

Hapa inabidi nieleze kidogo kazi yetu. Programu imeandikwa kwa Lisp, lugha ya zamani yenye mabano mengi, wenzetu wa Dar wanatucheka nayo. Kabla programu haijaanza kufanya kazi, kompaila inaisoma yote na kusema ilichokiona. Kosa kubwa inalitaja kwa ukali. Lakini ina daraja la chini kabisa, inaliita onyo la mtindo, ambalo hulitoa kwa upole: hapa umetaja kitu na sioni unapokitumia, labda unajua mwenyewe. Halafu kuna mtambo wetu wa majaribio, unaojiendesha wenyewe kila mtu anapobadilisha chochote. Huo huiuliza kompaila maswali mawili. Ulikuwa na la kusema? Imeshindikana? Onyo la mtindo linajibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili. Mtambo ulisikiliza jibu la pili tu, ukawasha kijani, ukaendelea.

Jambo hilo lilinikera kuliko honi za malori. Nilichoka kuona watu wanaacha maonyo yarundikane kama vyombo vichafu. Ndipo mwaka jana nikatunga sheria yangu. Niliiunganisha televisheni ya ukutani na mtambo, ikawa inaonyesha idadi ya maonyo ya mtindo kwa namba kubwa ya njano. Ikipanda kutoka sifuri, aliyeipandisha anasimama Jumatatu mbele ya ofisi nzima, namsomea onyo lake kwa sauti, anajieleza, kisha analeta kreti ya soda. Watu wakaiita Jumatatu ya Soda. Walicheka, wakanywa. Mimi nikajiona nimeleta nidhamu, maana baada ya miezi miwili namba ilishuka ikakaa sifuri, haikubanduka tena. Wilbard aliipenda ile sifuri kupita kiasi. Kila mgeni alipelekwa kwanza mbele ya televisheni kabla hata hajapewa maji.

Sasa, kama uzito hautumiki, kompaila ni lazima ilisema. Haiwezi kukaa kimya juu ya jambo kama lile. Nilifungua kumbukumbu za mtambo nikarudi nyuma siku kwa siku, nikalikuta Ijumaa, siku kumi na mbili kabla ya ndama kufa. Saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, onyo moja la mtindo: UZITO umetajwa lakini haujatumika popote. Saa nne na dakika arobaini na sita, sifuri. Onyo liliishi dakika nne.

Katika dakika hizo nne, mtu hakwenda kuutumia uzito. Aliongeza mstari mmoja, ule ambao Lisp inakuruhusu kuuandika ukitaka kuiambia kompaila kwamba kitu hiki nakipuuza kwa makusudi, usinisumbue nacho. Na mahali palipotakiwa uzito palikuwa na namba kavu, 250. Kando ya mstari lilikuwapo jina la aliyeuandika: Ambakisye.

Ambakisye ana miaka hamsini na saba. Alifundisha hesabu sekondari huko kwetu Ileje miaka ishirini na mitano, kaka yangu alipita mikononi mwake, halafu akaacha chaki akaja kujifunza kazi hii akiwa na mvi kichwani. Ofisi nzima tunamwita Mwalimu. Asubuhi ile nilikuwa bado sijamwamkia, na wala sikumwamkia.

"Mwalimu! Njoo uone ulichofanya!" Watu wote waligeuka. "Ndama tisa! Kesho mtu anafukuzwa kazi kwa ajili ya mstari wako huu! Kompaila imekuambia, wewe ukaiziba mdomo! Hivi ulikuwa unawaza nini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Alisoma kioo changu chote kabla ya kujibu.

"Afisa akiacha uzito wazi, programu ilikuwa inazimika," akasema. "Nikaweka mia mbili hamsini kwa muda, nipate kukuuliza tufanyeje."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize." Aliinua macho akaitazama televisheni. "Binti, mwezi wa tatu nilikuuliza jambo. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Sikukumbuka.

"Ulisema, usiniulize kitu ambacho kompyuta imeshakueleza. Mbele za watu. Jumatatu yake ukanisimamisha. Mimi nimesimama mbele ya madarasa miaka yote hiyo, lakini kusimamishwa ilikuwa mara yangu ya kwanza." Hakupandisha sauti. "Siku hiyo ya Ijumaa namba ikawa moja pale ukutani. Nikakuona unageuza kiti kuiangalia. Nikaifuta upesi."

"Ukasahau."

"Nikasahau. Hilo ni langu, silikatai. Lakini majaribio yalikuwa kijani yote."

Majaribio niliyaandika mimi. Niliyafungua palepale, yeye amesimama nyuma yangu, na kila jaribio la kipimo lilikuwa na ng'ombe mmoja yuleyule wa mfano niliyemnakili kutoka jaribio moja hadi jingine kwa uvivu. Alikuwa na kilo mia mbili na hamsini. Mwalimu aliitoa namba yake humo humo kwenye majaribio yangu. Yasingeweza kufeli hata tungeyaendesha mwaka mzima, na bondeni kwa wiki mbili walikuwa wanachoma ng'ombe wakubwa tu, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Nilitaka kuendelea kumfokea Mwalimu. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni na sasa haikuwa na pa kwenda.

Wilbard aliniita, akaniingiza ofisini kwake peke yangu, akafunga mlango.

"Nimesikia," akasema. "Hadi chini nadhani wamewasikia. Lakini tulia. Hilo lilikuwa onyo la mtindo, siyo kosa. Mtambo haukusema imeshindikana. Kwa maandishi tuliyonayo, majaribio yalipita. Saini ile ripoti."

"Ndama wamekufa, bosi."

"Wameshakufa. Hapa tuna wafanyakazi kumi na mmoja, na wageni wanakuja mwezi ujao."

"Na Restuta?"

"Msomi yule. Hakosi kazi."

Nilimwambia neno ambalo mama yangu asingependa kulisikia likitoka kinywani mwangu. Nikachapa zile kumbukumbu za mtambo, nikachapa na picha mbili za Restuta, na ripoti yangu ya nusu ukurasa nikaichana vipande vinne juu ya meza yake. Alivikusanya akavitia kwenye kapu.

Ijumaa nilishuka bondeni kwa bodaboda, vumbi likanigeuza rangi. Ukumbi wa ushirika ulikuwa umejaa wafugaji. Restuta aliwekwa mbele, peke yake kwenye kiti cha plastiki, mikono ameipakata. Mzee Luhaga, Msukuma mrefu mwenye koti zito licha ya lile joto, alikaa mstari wa kwanza na fimbo yake magotini. Restuta hata hakumtazama.

Mwenyekiti wa kamati aliniita. "Tumeambiwa utatuletea ripoti. Iko wapi?"

"Sina ripoti," nikasema. "Nina hizi karatasi. Afisa alipima sawa. Programu ndiyo iliyokosea, ilikuwa inampa kila mnyama kipimo cha ng'ombe mkubwa."

Ukumbi ulichafuka kwa kelele. Mwenyekiti aligonga meza mpaka wakatulia. "Kwa hiyo mashine yenu ni mbovu."

"Mashine ilisema, mwenyekiti. Siku kumi na mbili kabla. Ilisema uzito hautumiki."

Mzee Luhaga alinyoosha mkono, na bila kungoja kuruhusiwa akasimama. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma tele ndani, lakini maswali yake yalikuwa mafupi na mimi niliyaelewa yote.

"Ilimwambia nani?"

"Mtu wa ofisini kwetu."

"Akafanya nini?"

"Akalificha onyo lenyewe."

"Kwa nini afiche?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilikuwa nimejipangia maneno juu ya mtambo, maswali mawili, jibu la kwanza na jibu la pili. Hakuna hata moja lililotoka. "Aliniogopa mimi," nikasema.

Mzee alinitazama juu hadi chini, binti mfupi mwenye vumbi usoni. Watu wengine walicheka. Yeye hakucheka. Aliinua fimbo akamwonyesha Restuta. "Na huyu? Naye alikuogopa? Mbona naye hakukwambia?"

"Aliniambia, mzee. Alinipigia kabla hajachoma. Nikamkatia simu."

Kicheko kiliisha. Restuta, ambaye muda wote alikuwa amekauka macho, aliinamisha kichwa na mabega yakaanza kutikisika. Mzee Luhaga alibaki amesimama, na mwenyekiti hakuthubutu kumkalisha.

"Kumbe," akasema hatimaye, "wewe ndiye huambiliki."

Akakaa. Nimewahi kutukanwa na madereva wa malori kwa lugha nne, na hakuna tusi lililonipata kama hilo. Nilisimama pale mbele ya wafugaji, uso unaniwaka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano sikupata mtu wa kumkasirikia zaidi yangu mimi. Kamati haikuchukua nusu saa. Restuta alirudishiwa kazi, programu ikasimamishwa mpaka ikaguliwe na mtu wa nje, na ofisi yetu ikatakiwa imlipe mzee ndama tisa.

Nje nilimfuata Restuta nikamwambia samahani. Nilisema mara mbili, maana ya kwanza ilitoka kwa sauti ndogo mno.

"Nimekusikia, dada," akasema. Alikuwa anakunja utepe, anaukunjua, anaukunja tena. "Kazi wamenirudishia. Ila jana nilijaribu kumchoma mbuzi wa jirani, mkono ukakataa." Aliniaga kwa adabu zote, akaondoka.

Jumatatu niliwahi ofisini. Niliipitia programu yote na kufuta kila mstari wa kupuuza ambao watu walikuwa wameuweka tangu nilipotunga sheria yangu, kisha nikauendesha mtambo. Namba ikapanda pale ukutani: arobaini na moja. Yalikuwa mambo arobaini na moja ambayo watu wangu waliyaona na wakaona heri wasiniambie. Wilbard alipoiona alikuja juu, akapiga kelele kwamba wageni watatuelewaje, na mimi kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kubishana naye. Nilimwambia namba hiyo itabaki hapo mpaka tumalize, na kwamba hakuna atakayesimamishwa tena.

Mwalimu alikuja na bahasha. Nilijua ndani kuna barua ya kuacha kazi. Nilimwamkia, nikamwomba kabla hajampelekea mkurugenzi akae nami kidogo tuyapitie yale maonyo, walau machache. Alisitasita, akaiweka bahasha mezani, akavuta kiti, akashika kibodi. Tulianza na la kwanza. Alilisoma, kisha akatoa sababu ambayo haikuwa sababu kabisa, kitu ambacho mtu wa mwaka wa kwanza chuoni asingekisema. Niliisikia hasira ikipanda, ileile, haikuwa imekwenda popote.

"Mwalimu, lakini hilo hata..." nikaanza, nikajizuia.

Nilikuwa nimechelewa. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika ule mstari wa kupuuza, haraka haraka, na macho yake hayakuwa kwenye kioo. Yalikuwa usoni kwangu.

"Usiandike," nikasema. "Tafadhali. Niulize."

Aliacha. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Nikikuuliza," akasema taratibu, "utanifanyaje?"

Hakuwa ananitania. Alitaka kujua.